Matembezi ya Mke na Mume Wakati wa Masika

"Mimi ni mwalimu wa skuli, nakaa Fuoni, Unguja, na nimeoa mwaka wa sita sasa. Mke wangu ni mtu wa Wete, Pemba. Tumejaaliwa watoto wawili, wa pili hajatimiza mwaka, na mama yangu anakaa nasi. Mwezi uliopita mke wangu alinionesha kwenye simu picha za mke na mume waliokaa chini ya miti iliyojaa maua huko Ulaya, akaniambia, 'Na sisi lini?' Nikajitahidi, nikamchukua kwenye hoteli moja ya pwani kwa chakula cha usiku. Nilitumia fedha nyingi, mvua ikatukuta, kila mtu akakaa na simu yake, tukarudi bila ya kusemeshana. Sasa ni masika, matope kila pahala, fedha sina nyingi, na wenzangu wanasema kutoka na mke ni mambo ya wachumba na ya watalii. Je, kuna matembezi gani ya mapenzi yanayowafaa mke na mume wa Kizanzibari katika majira haya? Na je, nimpangie bila ya kumwambia ili afurahi, au nimuulize kwanza?"

Ndugu yangu, umeuliza suala ambalo wanaume wengi wa kwetu wanalo kifuani na hawalitamki, na katika kazi yangu ya unasihi wa ndoa mara nyingi hulisikia kwa wake kabla ya kulisikia kwa waume. Kama ninavyokuelewa, tatizo lako si kukosa pahala pa kwenda, kwani mtu wa Fuoni ana mji upande mmoja, na mashamba na pwani upande mwengine. Kinachokusumbua ni kwamba ulijaribu, ukagharimika, mkarudi kimya, na sasa unahofu kwamba ukijaribu tena na kushindwa itabainika kuwa mapenzi yenu yamepoa. Usiku ule wa hotelini hauthibitishi jambo hilo, na nitakueleza kwa nini, lakini kwanza tuyatazame maneno ya mkeo.

John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetumia miaka mingi kuwatazama wanandoa wakizungumza mambo yao ya kila siku, aliwafuatilia maharusi kwa miaka 6 akaona tofauti kubwa katika jambo dogo. Waliobakia pamoja walikuwa wakiitikia miito midogo ya wenzao, kama vile "tazama jahazi lile" au "leo nimechoka", kiasi cha mara 86 katika kila 100, ilhali waliokuja kuachana walikuwa wakiitikia mara 33 tu. "Na sisi lini?" ni mwito wa namna hiyo. Mkeo hakukulaumu na wala hakukutaka umpeleke Ulaya, bali alikuonesha kitu alichokitamani na akakutia wewe ndani ya tamaa yake, na mwanamke aliyekata tamaa na mumewe hasemi "sisi". Wewe nawe uliitikia, na hilo ni jema kuliko unavyolihesabu. Kasoro ni kwamba uliitikia kwa mfuko kabla ya kujua hasa alichokitaka.

Tuitazame basi ile picha. Katika nchi za kaskazini ya dunia majira ya kuchipua huanza karibu na tarehe 20 Machi, baada ya miezi ya baridi na giza. Mjini London mchana mfupi kabisa wa mwezi wa Disemba hautimizi saa 8, na ule wa Juni unapindukia saa 16. Miti imesimama bila ya jani, watu wamejifungia majumbani, kisha ndani ya wiki chache kila kitu kinageuka. Ndiyo maana Wajapani hutandika matandiko yao chini ya miti ya sakura, ambayo mjini Tokyo huchanua mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili na kupukutika baada ya muda mfupi, na ndiyo maana watu wa Uholanzi na wageni wao huyaendea mashamba ya tulipu mwezi wa Aprili. Wapenzi wa huko hula chakula bustanini, hupanda baiskeli, hutembelea masoko ya maua, na mambo hayo yote huwapendeza kwa sababu jana yake hayakuwezekana. Furaha ile inatokana na mabadiliko. Nafsi ya mwanadamu huacha kukihisi kilichozoeleka, hata kikiwa kizuri kupita kiasi, na huamka panapotokea tofauti.

Sisi tuko kwenye nyuzi 6 kusini ya ikweta, na mchana wetu mrefu kabisa hauuzidi ule mfupi kabisa ila kwa dakika kama 40, kwa hiyo mwangaza hautupi tofauti hiyo. Tofauti zetu huletwa na pepo na mvua. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba, na miezi ya Februari na Machi joto hutuelemea hata usingizi ukawa adimu, halafu kaskazi hulegea, mawingu hujikusanya na masika huingia, Aprili ikiwa ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Baadaye kusi hushika, na kuanzia Juni tunapata kipupwe. Maana yake ni kwamba mwezi wa Aprili sisi nasi tunatoka kwenye dhiki, dhiki ya joto, na ardhi yetu huchipua wakati ule ule ambao yao inachipua. Bonde la Cheju huwa kijani kwa mpunga, vyura huimba usiku kucha, na hewa ya baada ya mvua huwa na ubaridi ambao wiki chache nyuma tungeununua kama ungeuzwa. Ulichokiandika kama kizuizi, yaani masika, ndio msimu wenyewe unaouuliza.

Kuhusu maneno ya wenzako, sikubaliani nao kabisa. Wanaosema kwamba kutoka na mke ni uigaji wa kigeni waikumbuke riwaya mashuhuri ya Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, ambapo Mtume, rehema na amani zimshukie, akiwa safarini aliwaambia watu watangulie, kisha akashindana mbio na mkewe, naye Bibi Aisha akamshinda. Walipokuja kushindana tena baada ya muda, Mtume ndiye aliyeshinda, akamwambia kwamba hii ni kwa ile. Nakuomba uzingatie mambo mawili katika kisa hicho. La kwanza ni kwamba watu waliambiwa watangulie, yaani faragha ilitafutwa kwa makusudi, bila ya kuvunja heshima ya mtu yeyote. La pili ni kwamba mzaha ule uliwekwa akibani na kukumbushwa baadaye, na kumbukumbu ya pamoja ya namna hiyo ni mali kubwa kwa wanandoa. Hata katika historia ya kisiwa chetu, hamamu ya Kidichi, yaani jengo la kuogea, ilijengwa mwaka 1850 na Sayyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shahrazad, na kuta zake zikatiwa nakshi za maua na ndege kwa mtindo wa kwao Uajemi. Mume kumfikiria mkewe na kumtafutia pahala pa kupumzika si jambo lililokuja na ndege za watalii.

Sasa nieleze kwa nini chakula cha hotelini hakikufaa. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani, miongoni mwao Arthur Aron, waliwagawa wanandoa 53 katika makundi na kuwafuatilia kwa wiki 10. Kundi moja lilitakiwa kila wiki litumie saa moja na nusu kufanya pamoja mambo yanayopendeza tu, kundi jengine lifanye mambo yanayosisimua, mapya kidogo na yenye changamoto, na kundi la tatu halikupewa kitu cha ziada. Walioridhika na ndoa zao zaidi baada ya wiki hizo ni wale waliofanya mapya, na waliofanya yanayopendeza tu hawakufikia kiwango chao. Maelezo ya Aron ni kwamba mwanzoni mwa mapenzi kila mmoja hupanuka kwa kumjua mwenzake, hujifunza maneno yake, jamaa zake na hofu zake, na kupanuka huko ndiko tunakokuhisi kama mahaba. Baada ya miaka sita mmeshajuana, na upya ule haurudi kwa kukaa na kutazamana. Hurudi pale mnapokutana na kitu ambacho nyote wawili hamkijui, na kila mmoja akamwona mwenzake katika hali ambayo hajapata kumwona nayo.

Chakula cha hotelini kilikuwa kitu cha kupendeza, na hakikukutakeni mfanye lolote. Mlikaa mkitazamana mbele ya watu msiowajua, wewe ukihesabu gharama moyoni, yeye akiliona hesabu hilo usoni mwako na huku akimwaza mtoto anayenyonya, na kwa kuwa mikono haikuwa na kazi, ilikimbilia simu. Nimewaona watu wengi wasioweza kuzungumza wakiwa uso kwa uso ambao huzungumza saa nzima wakiwa bega kwa bega, wakitembea au wakichambua mchele. Kwa hiyo katika kuchagua matembezi nakushauri ujiulize kama mtakuwa na kitu cha kufanya pamoja, kama kitu hicho ni kipya kwenu, na kama saa mliyoichagua inakupeni utulivu. Pahala penyewe ni la mwisho.

Nianze na lililo karibu kabisa, kwa sababu nalipa uzito kuliko yote, nalo ni jioni ya mvua nyumbani kwenu. Asumini huchumwa alasiri ikiwa bado vitumba, na hufunguka jioni na kutoa harufu yake usiku. Nunua vitumba, au vichume kwa jirani mwenye mti, viweke kwenye kitambaa kibichi, na baada ya sala ya Isha, watoto wakiwa wamelala, kaeni chini mvitunge pamoja kwa sindano na uzi. Wanaume wengi wa kwetu wamevutiwa na asumini ya wake zao miaka nenda miaka rudi na hawajapata kuishika sindano yake, kwa hiyo yeye atakuwa mwalimu na wewe mwanafunzi, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yako ni jipya kweli kweli. Mwambie akuoneshe namna kikuba, kile kifungu cha maua ya kunukia, kinavyofungwa, majani ya rehani yanakaa wapi na ua la mkadi linakatwa vipi, na chomeni udi kidogo. Kinywaji kiwe chai ya mchaichai au kahawa ya tangawizi uliyoipika wewe mwenyewe, na kama una nafasi ya kuagiza haluwa ya Wete kwa mtu anayevuka kutoka Pemba, usiiache, kwa sababu mkeo ataona kwamba ulimkumbuka yeye na kwao.

Zima simu zote mbili na uziweke chumba chengine. Usizungumzie ada wala madeni. Muulize mambo ambayo hujapata kumuuliza: masika yalikuwaje Wete alipokuwa mtoto, nani alimfundisha kutunga asumini, ni jambo gani alilitaka kulisoma akalikosa. Kisha msikilize mpaka amalize, bila ya kumkatiza na bila ya kumpa ushauri, kwani walimu, kama unavyojijua, hupenda kusahihisha.

Kwa matembezi ya nje, mimi ningelipendelea upande wa Kidichi na Kizimbani. Ni karibu, mashamba ya viungo yamefungamana, na baada ya mvua harufu ya majani ya mkarafuu na mdalasini huzidi. Hamamu niliyoitaja iko huko huko, na kuta zake zitakustirini ikiwa mvua itarudi. Usichukue msafara wa watembeza wageni. Mtafute mwenye shamba mnayefahamiana naye au jamaa yenu, umwombe mpite, na mchume wenyewe. Ubaya wake ni matope, kwa hiyo mwambie mapema avae viatu vya kuchafuka, maana mwanamke aliyevaa viatu vipya hataifurahia njia ya udongo mwekundu hata kama anakupenda namna gani.

Msitu wa Jozani nao uko katika hali yake nzuri wakati huu. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, na kima punju wake hawapatikani kwa asili pahala pengine popote duniani ila Unguja. Wazanzibari wengi huwasikia wageni wakiwasifu kima hao na wao wenyewe hawajawaona tangu safari ya skuli, kama walipata kwenda. Kiingilio cha mwananchi ni nafuu kuliko cha mgeni, na njia ya mbao inayopita kwenye mikoko hukuwezesheni kutembea bila ya kuzama topeni. Mbu ni wengi katika masika, kwa hiyo jipakeni dawa na mvae mikono mirefu, na siwashauri kumchukua mtoto mchanga huko.

Forodhani nimeulizwa mara nyingi, na nitasema ukweli kwamba kwa shabaha yako sipapendi sana. Ni pahala pazuri pa mantabali, mishkaki na maji ya miwa, lakini utakutana na wanafunzi wako, wazazi wao na binamu wa pande zote mbili, na mkeo hatakuwa na uhuru wa kucheka. Mkipenda, nunueni chakula na mwende kukilia pengine.

Pwani inataka maelezo zaidi, kwa sababu watu huenda bila ya kutazama maji wala mwezi kisha wakalalamika. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi kumi na nne, yaani mwezi mpevu, maji huwa bamvua, hujaa sana na kukauka sana, na katika pwani zetu hujaa takriban saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka takriban saa nne. Kila siku inayofuata huchelewa kwa kiasi cha dakika 50, hata baada ya wiki moja, maji yakiwa mafu, yaani hayajai wala hayakauki sana, mambo hugeuka. Pwani ya mashariki, kuanzia Chwaka na Uroa hadi Paje na Jambiani, mwamba uko mbali na ufukwe, kwa hiyo maji yakikauka huenda mbali mno na mtu aliyekuja kuoga hurudi mkavu. Upande wa Nungwi na Kendwa tofauti hiyo haionekani sana. Watu wengi wanataka kuliona jua likitua, na kwa hilo lazima muwe magharibi, Mangapwani, Bububu au Fumba. Lakini nakushauri ufikirie kinyume chake. Usiku wa mwezi kumi na nne, mwezi huchomoza mashariki karibu na wakati ule ule wa jua kuzama, na mtu aliyekaa Uroa huuona ukitoka baharini. Mkifika alasiri mtayakuta maji yamejaa, mtaingiza miguu au mtaoga kwa stara, mtasali Magharibi, kisha mtaukaa mwezi kwa muda na kurudi. Huo ni mpango wa saa chache usiohitaji hoteli wala kiingilio, ila chupa ya chai, vitumbua na mkeka.

Nisikufiche kwamba katika masika mawingu yanaweza kuuziba mwezi usiku mzima, na kwamba magari ya abiria ya shamba huwahi kumaliza safari, kwa hiyo msiitegemee daladala kwa kurudi. Kama una vespa, chukueni makoti ya mvua na mrudi mapema. Kama huna, changia mafuta ya gari ya rafiki. Mkienda asubuhi maji yakiwa makavu, vaeni viatu kwa ajili ya miiba ya baharini, na msikanyage kamba za mwani, kwani kina mama wa huko wameweka kazi yao hapo. Kuhusu chombo, iwe kwenda kisiwa cha Changuu au kwengineko, ningengoja. Wakati kaskazi inapomaliza na kusi inapoanza bahari hubadilika ghafla, na kama mtaamua kwenda, sikilizeni kwanza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, vaeni maboya, na nahodha akisita, msimshawishi.

Kuna fursa moja ya masika ambayo wenyeji huisahau. Mwezi wa Aprili na wa Mei wageni hupungua, baadhi ya hoteli hufunga na nyengine hushusha bei, na nyingi zina bei ya wakaazi ambayo hutajiwi usipouliza. Ikiwa siku moja mtataka kulala nje ya nyumba, piga simu kabla, chukueni vitambulisho vyenu vya ukaazi na nakala ya cheti cha ndoa, kwa sababu baadhi ya nyumba za wageni hukiuliza kwa wenyeji, na kuulizwa mlangoni mbele ya mkeo bila ya kuwa nacho ni fedheha isiyo na sababu. Lakini kwa mwaka huu, na mtoto huyo, sidhani kwamba usiku mzima nje utampumzisha mkeo. Mama anayenyonyesha huhesabu saa kwa kifua chake. Saa mbili au tatu zilizopangwa vyema zitamfaa zaidi.

Hapo ndipo anapoingia mama yako. Jambo la kumwomba bibi awakalie watoto lifanye wewe, na ulifanye mapema, kwa adabu na kwa uwazi: "Mama, naomba Jumamosi alasiri utukalie na watoto, nataka kutoka kidogo na mke wangu." Ukimwachia mkeo aombe, itaonekana kwamba yeye ndiye anayekutoa nyumbani, na starehe yake itageuka deni kwa mkwewe. Mama akisikia kwa mwanawe mwenyewe, mara nyingi hufurahi, kwa kuwa yeye naye alipata kuwa mke kijana. Mrudie na kitu mkononi, hata kama ni fungu la shokishoki au kipande cha haluwa. Barabarani na pwani endeleeni na heshima ya kwetu katika mavazi na mwenendo. Kutembea pamoja na kuzungumza hakumchukizi mtu, na yaliyobaki yana pahala pake nyumbani.

Lipo jambo ambalo matembezi hayalitibu, na ningekuwa nimekukosea nisingelitaja. Mtoto wenu hajatimiza mwaka. Kimya cha mkeo usiku ule kinaweza kuwa uchovu wa kawaida wa mama asiyelala, lakini kama umemwona kwa zaidi ya wiki mbili akiwa na huzuni isiyoondoka, halali hata mtoto anapolala, hali chakula, hajali mambo aliyokuwa akiyapenda, au anasema kwamba hana maana, huo ni ugonjwa unaowapata baadhi ya wanawake baada ya kujifungua na una matibabu. Mpeleke kituo cha afya mkiwa pamoja, na ueleze mwenyewe ulichokiona, kwani wagonjwa wa namna hii hujificha nyuma ya maneno "sijambo". Akitamka kwamba anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, msimwache peke yake, na muende hospitali siku ile ile.

Vile vile, ikiwa kimya chenu kina chanzo chengine, kama fedha zilizofichwa, shaka ya uaminifu au ugomvi na jamaa, msikizungushe kwa mandari. Mafunzo ya dini yetu yametuelekeza kwa msuluhishi mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, na wazee wenye busara bado wapo. Maafisa wa ustawi wa jamii wa wilaya husikiliza mashauri ya ndoa, na vivyo hivyo makadhi, ambao watu hudhani kazi yao ni talaka tu. Na pale palipo na kipigo, vitisho au kulazimishana, ushauri wangu wote wa maua na mwezi uwekwe kando: anayedhulumiwa aende kituo cha Mkono kwa Mkono katika hospitali, ambako matibabu, polisi na ushauri hupatikana pahala pamoja.

Hayo nimeyataja kwa tahadhari; katika barua yako sikuona dalili ya uonevu, nimeona mume aliyejitahidi.

Mwisho umeuliza kama umpangie kwa siri au umuulize. Muulize. Matembezi ya ghafla humfaa mtu mwenye nafasi, na mkeo lazima apange kunyonyesha, nguo, chakula cha mkubwa na ruhusa ya nafsi yake mwenyewe kuondoka. Zaidi ya hayo, kungojea ni nusu ya raha, na ukimshangaza unamnyima siku tatu za kulifikiria jambo hilo akiwa jikoni. Mwambie kwamba picha ile umeikumbuka, na umuulize kitu gani ndani yake kilimvutia: maua, utulivu, kule kukaa wawili bila ya watoto, au mume anayemtazama mkewe badala ya simu. Kila jibu lina njia yake. Akisema maua, anza na asumini. Akisema utulivu, mpeleke Uroa. Akisema kukaa wawili, zungumza na mama yako leo hii. Akikujibu kwamba hajui, mpe machaguo mawili tu, si kumi, na umwachie yeye achague siku. Na akisema kwamba anataka kwao Pemba, ngojeni masika yapite na bahari itulie, kisha mvuke, lakini mwambie mkweo wa Wete kabla hamjafika kwamba siku moja katika hizo mtawaachia watoto na kwenda wawili Msitu wa Ngezi na ufukwe wa Vumawimbi, la sivyo siku zote zitaliwa na kuwaamkia jamaa.